Albamu tamu, laivu mbovu (na kinyume chake): bendi tuipime wapi?

SikioLaKati

Wakuu habari zenu, hii mada nimekaa nayo muda mrefu naomba niilete hapa manake kila nikiigusa na washkaji inaishia kwenye kelele. Ni hivi. Bendi unaweza kuipenda kwenye albamu mpaka ukajua kila kona ya wimbo, gitaa linaingia wapi, muimbaji anavuta pumzi wapi, halafu unakuja kusikiliza shoo yao ya laivu unajiuliza hivi hawa ndio wale wale kweli? Wimbo unakimbia, sauti imeshushwa, zile sauti za nyuma zilizopangwa vizuri hazipo, gitaa moja linafanya kazi ya magitaa matatu. Na kuna wengine ni kinyume kabisa, albamu unaiona ya kawaida tu, unaisikiliza unaiweka pembeni, ukija kuwasikia jukwaani unabaki mdomo wazi.

Mfano unaonikaa kichwani kuliko yote ni No Woman, No Cry ya Bob Marley. Wengi hawajui kwamba ile tunayoimba wote sio ya studio. Ya studio iko kwenye albamu ya Natty Dread ya 1974, haifiki dakika 4, ina ngoma za mashine na mwendo wake ni wa haraka kidogo. Hii inayojulikana dunia nzima ni ya shoo ya ukumbi wa Lyceum pale London, Julai 1975, inapita dakika 7, ogani inatangulia taratibu na ukumbi mzima unaitikia. Wimbo ule ule, maneno yale yale, hata miaka miwili haijapita katikati. Sasa ipi ndio No Woman, No Cry yenyewe? Na kama laivu ndio ilishinda, ilishinda kwa sababu gani hasa?

Kwa hiyo nauliza tofauti hizi zinatoka wapi, na bendi tuipime kwa albamu au kwa jukwaa? Kuna jamaa yangu mmoja anasema bendi isiyoweza kupiga wimbo jukwaani kama ulivyo kwenye albamu ni bendi ya uongo, studio imewabeba. Mimi moyo unakataa ila hoja ya kumjibu sijaipata ya kunitosheleza. Karibuni, hasa mnaopiga vyombo na mnaoshika mitambo.

MtuWaMitambo

Mleta mada umegusa penyewe. Mi kazi yangu ni mitambo ya shoo kwa hiyo acha nianze na hilo la sababu, hilo la uongo wataongea wengine.

Kitu cha kwanza, studio wimbo haupigwi, unajengwa. Mara nyingi drams zinarekodiwa kwanza, besi inafuata, magitaa yanakuja siku nyingine, muimbaji anarudia ubeti mmoja weee mpaka achoke, halafu prodyuza anachukua mstari huu kutoka mara ya tatu na ule kutoka mara ya saba anaunganisha, wewe nyumbani unasikia pumzi moja. Akimaliza hapo muimbaji anaambiwa aimbe tena juu ya sauti yake mwenyewe ili iwe nene. Nevermind ya Nirvana ya 1991 ina sana hiyo, muimbaji wao Kurt Cobain alikuwa hapendi kuimba mara mbili mbili, prodyuza Butch Vig akamlainisha kwa kumwambia hata John Lennon wa Beatles alifanya hivyo. Sasa jukwaani Kurt ana mdomo mmoja, ule unene autoe wapi?

Pili maiki. Za studio zinasikia mpaka mate mdomoni na chumba kiko kimya. Ukiipeleka maiki hiyo mbele ya drams jukwaani itabeba matoazi kuliko itakavyombeba muimbaji, kwa hiyo tunatumia zile ngumu za kushika mkononi, zinazotaka mdomo uisogelee kabisa, na ule wepesi wa juu uliouzoea kwenye albamu lazima upungue. Hapo mtu hajakosea chochote na bado sauti imeshabadilika.

Halafu ukumbi wenyewe ni chombo kingine ambacho bendi haikukifanyia mazoezi. Mchana tunapima sauti ukumbi mtupu, kuta zinarudisha kila kitu, usiku watu wanajaa, miili na nguo zinameza sauti hasa zile za juu, kwa hiyo ulichopima mchana unaanza kukirekebisha upya wimbo wa kwanza ukiwa unaendelea. Ndio maana watu wengi wanalalamika nyimbo mbili za mwanzo zilikuwa na matope. Na sauti hewani inaenda kama mita 340 kwa sekunde, aliyesimama mita 34 kutoka kwenye spika anasikia pigo la drams sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kupigwa, kwenye uwanja mkubwa tunasimamisha spika nyingine kule katikati na kuzichelewesha makusudi ili ziende pamoja na za mbele. Kama fundi hakupiga hesabu vizuri unasikia kila pigo mara mbili, lawama inaenda kwa bendi.

Kingine ambacho watu hawakijui, sikio likipewa sauti kubwa linasikia besi na zile sauti za juu kwa wingi kuliko likisikiliza kwa sauti ndogo. Maana yake hata nikikuchezea albamu yenyewe kwenye spika za shoo kwa nguvu ya shoo haitasikika kama ulivyoizoea sebuleni. Sasa hapo unalinganisha nini na nini?

Na usisahau bendi yenyewe inasikia nini. Beatles uwanja wa Shea Stadium, New York, 1965, watu kama 55,000, wanapiga kelele mwanzo mwisho, sauti za kuimba zinapita kwenye spika za matangazo za uwanja, wao wenyewe jukwaani hawana spika ya kujisikia kama tulizonazo leo. Pale huwezi kuimba kwa upole, unakisia tu mwenzako yuko wapi. Agosti 1966 wakapiga shoo yao ya mwisho ya kulipia pale Candlestick Park, San Francisco, wakaacha ziara, na 1967 ikatoka Sgt. Pepper's, albamu iliyotengenezwa na watu wanaojua hawatakuja kuipiga mbele ya mtu. Ndio maana ina vitu ambavyo watu wanne jukwaani kwa mitambo ya wakati ule wasingeviweza. Kwa bendi ile kulinganisha albamu za mwisho na laivu karibu hakuna cha kulinganisha, wao wenyewe waliamua hivyo.

Besi_Nne

Mkuu MtuWaMitambo umemaliza, mi naenda kwa huyo jamaa wa "bendi ya uongo" manake hoja hiyo nimeisikia sana na inaniuma kama mpigaji.

Chukua Queen. Bohemian Rhapsody ya 1975 ile sehemu ya kati ya kiopera waliimba watu watatu tu, Freddie, Brian na Roger, wakajirundika sauti juu ya sauti juu ya sauti mpaka ikawa kwaya. Jukwaani hao watatu hawawezi kuwa kwaya, haiwezekani, sio swali la kipaji. Walifanyaje? Kwenye shoo zao sehemu ile ikifika wanatoka jukwaani, inachezwa kanda, taa zinafanya kazi, wakirudi ni lile gitaa zito na uwanja unalipuka. Hawakujificha wala kujifanya wanaimba. Na kwenye tamasha la hisani la Live Aid tarehe 13 Julai 1985 uwanja wa Wembley, London, walipewa kama dakika 20 hivi, wakapiga ule mwanzo wa kinanda wa Bohemian Rhapsody kidogo tu, wakakatiza kabla ya opera wakaingia Radio Ga Ga moja kwa moja. Leo watu wakitaja shoo bora za laivu za muda wote hiyo haikosekani. Sasa kwa kipimo cha jamaa yako Queen ni bendi ya uongo, na bado ndio shoo inayotajwa kuliko zote. Kipimo ndio kina tatizo hapo afu sio Queen.

Mimi naona albamu na shoo ni kazi mbili tofauti za watu wale wale. Kwenye albamu bendi inajibu swali la wimbo huu unaweza kuwa nini tukipewa muda na vyombo vyote. Jukwaani swali ni sisi wanne au watano usiku huu, na watu hawa mbele yetu, tunaweza kuufanya nini. Bendi mbaya kwangu ni ile inayoenda jukwaani kujibu swali la studio, inabeba traki zilizorekodiwa kompyuta ndio inaongoza, kila mtu ana kliki sikioni (ule mlio wa kuhesabu mapigo), mpiga drams hawezi hata kurefusha mpito kidogo watu wakinogewa maana kompyuta haisubiri mtu. Traki kidogo za kusaidia sina tatizo nazo kabisa, kibodi ya nyuma, sauti za nyuma, sawa. Ila ikifika mahali ukimtoa mpiga gitaa hakuna anayegundua, hapo kweli kuna shida.

Na kwa sisi wa besi kuna albamu ambazo laivu ndio inazikomboa. ...And Justice for All ya Metallica ya 1988, besi ilifukiwa wakati wa kuchanganya sauti mpaka unaitafuta kwa tochi, mpiga besi wao Jason Newsted kapiga lakini humsikii. Sikiliza rekodi zao za Seattle 1989 nyimbo zile zile, besi ipo, na nyimbo zinapata uzito ambao albamu haina. Hapo studio haikumbeba mtu, ilimfuta.

MzeeSebene

Vijana nimewasoma kwa furaha, mnaongea vitu vya maana. Naomba niongeze jambo moja ambalo naona mnalipita, muda wa santuri.

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa Kongo tunajua wimbo una sehemu mbili, kuna kuimba, halafu kuna sebene pale magitaa yanapofunguka, solo, mi-solo na ridhim wanazungushana na watu wanacheza. Sasa santuri ndogo ya zamani upande mmoja ni dakika chache tu, tatu, nne, tano hivi. Kwa hiyo nyimbo za Franco na bendi yake ya TPOK Jazz nyingi zilikatwa, upande A mnaimba, unageuza santuri, upande B sebene, na sebene lenyewe likianza kupamba moto fundi anashusha sauti taratibu linapotea. Kila mtu aliyekuwa na santuri zile anaujua uchungu huo. Ukumbini hakuna wa kushusha sauti, sebene linakwenda mpaka wachezaji watosheke na Franco mwenyewe aamue. Miaka ya 80 walipoingia zaidi kwenye santuri kubwa nyimbo zikaachiwa zikapita dakika 10, na ukisikiliza zile ndio unaanza kupata picha ya ukumbi ulivyokuwa. Kwa hiyo mkilinganisha bendi za zamani kwenye rekodi na laivu, msiseme bendi ilikuwa fupi ya pumzi, santuri ndio ilikuwa fupi.

Na kuna ambao njia yao ilitoka jukwaani kwenda studio. Fela Kuti wa Nigeria wimbo aliupiga mbele ya watu kwenye klabu yake usiku hadi usiku, unakua, unapata sehemu mpya, ukishaiva ndio anaurekodi, unajaza upande mzima wa santuri, Zombie ya 1976 inapita dakika 12. Akishaurekodi basi, jukwaani haupigi tena, ukienda kwenye shoo yake unataka wimbo wa albamu uliyonunua huupati, utapewa mpya ambao bado haujarekodiwa. Kwa mtu kama huyo rekodi ni kaburi la heshima la wimbo, uhai wake ulikuwa kabla. Sasa mtu aliyezoea kwenda kwenye shoo kuimba nyimbo anazozijua atasema ameibiwa, lakini waliokuwepo walikuwa wanasikia albamu ya mwaka unaofuata ikizaliwa!

James Brown naye alilijua hili mapema. Oktoba 1962 alitaka kurekodi shoo yake ya ukumbi wa Apollo, New York, bosi wa kampuni yake ya rekodi akakataa kutoa hela, hoja yake nani atanunua nyimbo zile zile ambazo ameshazinunua? James akalipa mwenyewe kutoka mfukoni. Santuri ilipotoka 1963 ikakaa kwenye chati ya albamu ya Billboard wiki 66. Watu walikuwa na nyimbo zile tayari, walichokuwa hawana ni zile kelele za akina mama na namna anavyowachezea, anasimamisha bendi, anasubiri, anarudi.

HojaNyingine

Shikamoo MzeeSebene, darasa zuri. Ila naomba niweke mchanga kidogo kwenye hii sherehe maana naona kila mtu anachukulia rekodi ya laivu kama ushahidi wa mahakamani. Wakuu, nyingi sio laivu kiasi hicho.

Alive! ya Kiss ya 1975 ndio iliyowatoa kimaisha, albamu za studio tatu kabla yake hazikufika mbali, na imeshakubalika kwamba ilirekebishwa sana studio baada ya shoo. Thin Lizzy na Live and Dangerous ya 1978 ndio ugomvi wenyewe, prodyuza Tony Visconti amesema sehemu kubwa, kama asilimia 75, ilirudiwa studio, upande wa bendi wakapinga wakasema ni marekebisho machache tu. Mpaka leo mashabiki wanagombana. Kwa hiyo unapoweka "laivu" mezani na kusema imeishinda albamu, inabidi kwanza ujue unachoshika mkononi ni nini. Hata zile ambazo hazikuguswa zimechaguliwa, usiku mzuri unatolewa, usiku mbaya unabaki kabatini.

Deep Purple ni mfano wa upande wa pili, Made in Japan ilirekodiwa Agosti 1972 Osaka na Tokyo na inajulikana kwa kutopakwa rangi baadaye. Space Truckin' kwenye albamu ya Machine Head ni kama dakika 4 na nusu, kwenye Made in Japan inakaribia 20. Hapo kweli unasikia watu watano wakiwa hatarini, ikiharibika imeharibika.

Kama mtu anataka kweli kujua bendi kwa laivu njia ya uhakika ni kusikiliza shoo nyingi za bendi moja, nzuri na mbaya. Grateful Dead wanafaa kwa hili, walipiga shoo zaidi ya 2,000 na waliruhusu mashabiki kurekodi, toka 1984 wakawatengea hadi sehemu yao ukumbini ya kusimamisha maiki. Kwa hiyo kuna rundo la kanda ambazo hakuna aliyezichuja. Utakuta usiku mmoja wimbo umepaa, usiku unaofuata umeanguka chini puu. Hiyo ndio laivu yenyewe. Bendi ile kwenye chati ya nyimbo ya Marekani iliingia kumi bora mara moja tu, 1987, lakini viwanja walijaza miaka na miaka.

SikioLaKati

Dah wakuu nimepata chakula cha wiki nzima. Besi_Nne ile ya maswali mawili nitamfikishia jamaa yangu kama ilivyo. Sasa naomba nirushe lingine, zile bendi ambazo zinapiga jukwaani sawasawa na albamu noti kwa noti, hiyo tuite ustadi au uvivu? Manake kuna watu wanasema kama ni hivyo si ningebaki nyumbani nisikilize albamu. Na hili la muimbaji kushusha ufunguo wa wimbo laivu, yaani wimbo mzima unapigwa na kuimbwa chini kuliko kwenye albamu, ni umri au ni ujanja?

SautiYaTatu

Habari zenu kaka zangu na mzee wetu. Naimba sauti za nyuma kwenye bendi, kwa hiyo hili la ufunguo ni langu kabisa.

Studio muimbaji anaweza kuimba ubeti leo na kiitikio kesho, anakunywa maji ya vuguvugu, anapumzika, ile noti ya juu kabisa anaigusa mara moja tu ikikaa vizuri basi imeingia kwenye albamu milele. Jukwaani ile noti inatakiwa itoke wimbo wa kumi na nne ukiwa umeruka ruka saa nzima, na kesho mji mwingine tena, na keshokutwa tena. Koo sio nyuzi za gitaa kwamba likikatika unanunua jingine. Kushusha nusu noti au noti nzima ni akili ya kazi, na wapiga magitaa wengi wanalegeza tu nyuzi zote kwa pamoja, wengi ukumbini wala hawajui kilichotokea. Ninachokichukia mimi ni kung'ang'ania ufunguo wa albamu kisha muimbaji anawapa watu maiki wamalizie kila noti ngumu. Watu kuimba ni raha sana ila shoo nzima? Hapana.

Sasa kuhusu kufanana na albamu. Kuna muziki ambao kufanana ndio kazi yenyewe. Steely Dan waliacha kabisa ziara 1974, wakakaa studio na wapigaji wa kukodi wakitafuta kila noti ikae pale pale wanapotaka, wakarudi jukwaani 1993. Mtu anaenda kuwasikia kwa sababu anataka kuona binadamu wakifanya kitu kile kwa mikono yao, na hiyo si uvivu hata kidogo, ni mazoezi ya kufa mtu. Lakini mimi binafsi moyo wangu uko kwa bendi inayokubali wimbo ubadilike. Nirvana tena, kaka MtuWaMitambo umewataja kwa albamu nene ya 1991, hebu nenda kwenye shoo yao ya MTV Unplugged, Novemba 1993 New York, magitaa ya kawaida yasiyo ya umeme, sauti moja ya Kurt bila kurundikwa, walipiga mwanzo mwisho bila kurudia wimbo hata mmoja. About a Girl ilikuwa kwenye albamu yao ya kwanza ya 1989 ambayo watu wengi waliipita, pale ndio dunia ikasikia kumbe ni wimbo wa namna gani. Pale sauti inapokwaruza ndio inaponishika mimi, studio wangeisafisha pale pale.

Na kinyume chake naomba mkitaje maana naona laivu inapendelewa hapa. Pink Floyd walikuwa wanapiga Dark Side of the Moon nzima jukwaani mwaka 1972 kabla albamu haijatoka Machi 1973. Pale unapokaa wimbo wa On the Run leo kulikuwa na mapigo ya magitaa na kibodi tu ya kawaida, studio wakaitupa ile wakaweka sintesaiza inayokimbia na nyayo za mtu. Jukwaa liliivisha kazi lakini studio ndio iliyoona nini hakifai. Mimi nikisikia zile rekodi za 1972 naona wazi albamu imeshinda, tena mbali.

Besi_Nne

Dada SautiYaTatu hiyo ya Floyd nimeipenda sana, umenikumbusha upande mwingine, wale ambao studio na jukwaa kwao hakuna ukuta katikati. Buena Vista Social Club walirekodi Havana 1996 kwa siku sita tu, wamekaa chumba kimoja wanapiga pamoja, maiki zinasikia chumba chenyewe. Ukisikiliza shoo yao ya Carnegie Hall ya 1998 tofauti ipo, makofi yapo, mwendo umechangamka, ila muziki ni ule ule kwa sababu albamu nayo ilikuwa watu wanatazamana. Hao huwezi hata kuuliza studio imewabeba au la.

HojaNyingine

Na kwa mleta mada swali lako la kwanza kabisa la kwanini laivu inashinda wakati mwingine, mbali na Marley kuna Cheap Trick. I Want You to Want Me ya studio ya 1977 ni nyepesi, kama wimbo wa kuchezea, ilitoka Marekani haikwenda popote. Wakaenda Japani 1978, wakairekodi ukumbi wa Budokan, mwendo umepanda, gitaa limepata meno, na wasichana wa Kijapani wanaitikia kwa kilio kile cha juu mpaka kimekuwa sehemu ya wimbo. Rekodi ilikusudiwa iuzwe Japani tu, nakala zikaanza kuingizwa Marekani, kampuni ikabidi iitoe kule 1979 na wimbo ukawa mkubwa. Kosa la studio lilikuwa kuuvalisha wimbo nguo isiyo yake, bendi ilikuwa ngumu kuliko ile albamu ilivyowaonyesha. Nadhani na Marley ni hivyo hivyo, ule wimbo ulikuwa unadai upigwe taratibu na uimbwe na watu wengi, na mashine ya ngoma haina watu.

MzeeSebene

Hapo kwenye mashine haina watu nimesimama. Ila kijana usiilaumu sana ile ya 1974, bila hiyo watu wa Lyceum wasingekuwa na cha kuimba, waliujua wimbo kutokana na santuri.

SikioLaKati

Mzee hiyo imenipiga, sikuiangalia kwa upande huo kabisa. Wakuu nataka nianze kusikiliza kwa mpangilio sasa, wimbo mmoja studio na laivu kwa pamoja. Nianze na upi ambao tofauti itasikika hata kwa mtu asiyepiga chombo? Nataka nimkalishe na yule jamaa yangu.

MtuWaMitambo

Anza na Whipping Post ya Allman Brothers. Ya studio ni ya 1969, dakika 5 na kitu, halafu ile ya laivu ya ukumbi wa Fillmore East, New York, ya Machi 1971, dakika 23. Kabla hujaanza sawazisha sauti, ile ya laivu huwa imerekodiwa chini kidogo kwa hiyo usiposawazisha yenye nguvu zaidi utaiona ndio nzuri, hilo linadanganya watu wengi sana. Mara ya kwanza msikilize kawaida tu. Mara ya pili mwambie jamaa yako afuate besi peke yake mwanzo mwisho kwenye zote mbili, asiangalie gitaa. Kwenye ya studio besi inajua inaenda wapi toka mwanzo. Kwenye ya Fillmore kuna mahali bendi nzima inashuka karibu kunyamaza, hakuna mpigo unaoshikika, na besi inasubiri kusikia magitaa yanataka kwenda wapi kabla haijaamua. Afu muulize pale studio ingembeba nani. Tumieni spika za kawaida, msitumie simu, kwenye simu besi hamtaisikia na zoezi zima litakuwa limeharibika.